Winga Umemlipa, Dukani Hakuna Mtu

Miezi michache iliyopita nilikuwa natafuta mashuka ya sita kwa sita. Tangazo likanifuata Instagram, la kulipiwa, kitanda kimetandikwa kama cha hotelini. Chini yake: "Bei njoo DM. Tunatuma mikoani." Nikaenda DM, kwenye ujumbe wa faragha. Ilikuwa saa mbili na nusu usiku, muda ambao mtu ameshakula na simu iko mkononi. Nikaandika: habari, haya ya kijivu bei gani? Kimya. Kesho yake saa nne asubuhi ikaja: "Karibu mpendwa." Basi. Nikauliza tena. Saa nane mchana: "Unataka ya ngapi kwa ngapi?" Nikajibu. Jioni: "Upo wapi?" Kufikia hapo nilikuwa nimeshapita Mwenge nikitoka kazini, nikanunua mashuka ya rangi nyingine kabisa kwa mama mmoja aliyeyapanga juu ya meza, bei ameiandika kwa maka peni kwenye kipande cha boksi.

Yule muuzaji wa Instagram huwezi kusema hana mkakati. Picha anazo, wafuasi anao, kadi ameingiza na tangazo amelilipia. Na tangazo lilifanya kazi yake barabara: lilimtafuta mtu mwenye haja, mwenye hela, mwenye kitanda, likamfikisha mlangoni. Mlangoni ndipo hapakuwa na mtu.

Anayeijua Kariakoo anamjua winga. Ni yule kijana anayesimama Mtaa wa Kongo au Msimbazi, anayekudaka kabla hujauliza, anayejua kitu unachotaka kiko duka gani ghorofa ya ngapi. Anakupeleka, na chake anakipata kwa mwenye duka au kwa kupachika kidogo juu ya bei. Winga hana duka. Ukishavuka kizingiti, yeye anarudi barabarani kumsaka mwingine. Instagram, Facebook, TikTok, hata Google, kwangu mimi ni mawinga. Wana kompyuta na wanamjua mteja pengine kuliko mama yake mzazi, lakini ni mawinga. Tofauti iko kwenye malipo. Winga wa Kariakoo hapati kitu mpaka mteja atoe hela. Winga wa kwenye simu unamlipa mteja akishaonyeshwa tu picha yako au akishaibonyeza, anunue asinunue.

Ndiyo maana nashangaa ninapokaa na wenye biashara wakilalamika mauzo yameshuka, na dawa ya kwanza inayotajwa mezani ni kuongeza matangazo. Tubusti zaidi, yaani tulipie posti iwafikie wengi. Tutafute kijana wa kuposti mara tatu kwa siku. Tumpe msanii fulani atutaje. Zote hizo ni njia za kuongeza mawinga. Sijasikia mara nyingi mtu akisema: hebu tufungue simu ya ofisi tuone jana usiku waliuliza wangapi, na wangapi walijibiwa.

Tufanye hesabu, ya kubuni lakini nyepesi kufuata. Umelipia tangazo shilingi 100,000. Watu 200 wametuma ujumbe, kwa hiyo kila ujumbe umekugharimu shilingi 500. Unaye binti mmoja wa kujibu, naye huyo huyo anafunga mizigo na kupokea wateja wa dukani. Anawawahi 120 wakiwa bado na hamu. Waliobaki 80 wanajibiwa kesho yake au hawajibiwi kabisa. Katika kila kumi waliojibiwa mapema ananunua mmoja: umeuza seti 12. Gawanya, na kila seti umeinunulia mteja wake kwa shilingi 8,333. Kama faida yako kwa seti ni 10,000, umebaki na 1,667, na hapo hujagusa bando wala pango.

Sasa "boresha" kwa kuongeza bajeti mara mbili. Ujumbe 400, binti yule yule, uwezo ule ule wa kuwahi 120. Umelipa 200,000, umeuza seti zile zile 12, kila mteja kakugharimu 16,667. Umekula hasara na kwenye ukurasa wako kila kitu kinaonekana kinapanda: waliotazama wamepanda, wafuasi wamepanda, mioyo myekundu imejaa. Mwenzako wa mtaa wa pili amebaki na 100,000 yake, akamweka mtu wa zamu ya jioni, wote 200 wakajibiwa wakingali wameshika simu. Ameuza seti 20, kila mteja kwa 5,000.

Hesabu hiyo inahitaji daftari la kaunta book na safu nne: waliouliza, waliojibiwa siku ile ile, walionunua, walioghairi na sababu yao. Wiki mbili zinatosha kukuonyesha maji yanavujia wapi. Safu ya nne ndiyo yenye mali, na ndiyo ambayo watu hawaijazi, kwa sababu kumuuliza mteja "mbona hukuchukua?" kunatia aibu kidogo. Uliza. Wengi wanajibu, na majibu yao hayahusiani na picha.

Turudi kwenye "bei njoo DM", maana nimeisema vibaya kabla ya kuisikiliza. Wauzaji wana sababu zao na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni ya kiufundi: kila anayeandika "bei?" chini ya picha anahesabiwa na mtandao kama mtu aliyevutiwa, na posti yenye watu wengi wa namna hiyo husukumwa kwa wengine. Ya pili ni jirani. Ukiandika 45,000, kesho mwenzako ana picha ile ile kwa 43,000, kwa sababu mzigo wote umetoka Guangzhou au Dubai, pengine kwenye kontena moja. Ya tatu ni dola, ambayo mwanzoni mwa 2023 ilikuwa kwenye shilingi 2,300 hivi na kufikia katikati ya 2024 ilikuwa imeshapita 2,600. Mtu aliyeandika bei Januari alijikuta anagombana na wateja Juni kwa sababu ya picha ya zamani.

Kisha kuna sababu zisizosemwa. Wauzaji wengi wa mtandaoni wenyewe ni mawinga: hawana mzigo, wana picha za mzigo wa mtu. Bei hawaijui mpaka wapige simu dukani. Ndiyo maana jibu linachelewa, na ndiyo maana swali la "upo wapi?" linatangulia bei. Wengine wanamwogopa mtu wa TRA, mamlaka ya mapato. Kariakoo iliwahi kufunga maduka kwa mgomo Mei 2023, na tena Juni 2024, kwa ugomvi wa kodi na kamatakamata, na mtu aliyeonja msukosuko huo haoni raha kuanika bei na idadi ya mizigo hadharani. Na wengine, tuseme tu ukweli, wanataka kwanza kuona picha yako ya wasifu wajue wakupige ngapi.

Nikizipima zote, naziona zinalinda kitu kidogo na kupoteza kikubwa. Jirani unayemficha bei anaweza kukutumia ujumbe kama mteja na kuijua kwa dakika mbili. Kama wewe ndiye unayemjibu kwa dakika mbili, yaani. Dola ikipanda, posti inarekebishwa au inafutwa. Wingi wa komenti za "bei?" unakuletea macho, na macho hayo hayo yanaona kwamba watu thelathini wameuliza na hakuna aliyejibiwa. Mteja mpya akikuta msururu ule haulizi, anapita. Mimi napita.

Kwa hiyo shuka, kiatu, sufuria, mafuta ya nywele, chochote ambacho mteja anakijua na anaweza kukilinganisha, bei iandikwe juu ya picha yenyewe, kwa sababu maelezo ya chini hayasomwi. Kitu cha kupimiwa ni habari nyingine: sofa la kutengenezwa, mapambo ya harusi, geti la chuma, kupaka nyumba rangi. Hapo kuificha bei ni haki, kwani haipo bado. Lakini hata hapo andika "kuanzia" na tarakimu, ili asiyeimudu asikupotezee jioni na anayeimudu asiogope kuuliza.

Bei peke yake hata hivyo haiuzi. Jumia, lile duka kubwa la mtandaoni, ilikuwa na bei zimeandikwa, picha safi, gari za kupeleka mzigo, na ikaondoka Tanzania Novemba 2019 ikisema inaelekeza nguvu kwenye masoko mengine. Wauzaji wa Instagram na WhatsApp walibaki na wakaongezeka. Ninavyosoma mimi, mnunuzi wetu anataka bei aione, halafu anataka mtu. Anataka kuuliza kama rangi haichuji, kama kuna ya mikono mirefu, kama utampunguzia akichukua mbili. Mazungumzo ni sehemu ya bidhaa. Kosa la "bei njoo DM" ni kuyafanya mazungumzo yaanzie kwenye jambo ambalo lingeshamalizika kwenye picha, yakafa kabla hayajafika kwenye punguzo la seti mbili.

Kuhusu kubusti nina jambo moja tu. Mfumo wa matangazo wa Meta, wenye Facebook na Instagram, unakuuliza lengo lako, na unakupa hicho hicho ulichoomba. Ukiomba watu wa kutazama na kubonyeza moyo, utaletewa watu wenye tabia ya kubonyeza mioyo, nao ni wengi na wa bei rahisi, na hawanunui kitu. Ukichagua tangazo linalomfungulia mteja WhatsApp moja kwa moja, watakuja wachache na kila mmoja atakugharimu zaidi, lakini ni watu wa kuandika ujumbe. Wenye biashara wengi hubonyeza kitufe cha buluu kilicho chini ya posti na kuacha simu iwachagulie. Kisha wanasema Facebook haina wateja.

Sasa uaminifu, ambapo nadhani ndipo ushindani wetu ulipo. Hii ni nchi ambayo kila mwenye simu ameshapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mteja wa Songea anayetazama picha ya blenda iliyoko Dar es Salaam anajiuliza jambo moja kuliko mengine yote: nikituma hela, nitaletewa? Na wewe muuzaji unajiuliza: nikimtumia bodaboda hadi Kigamboni, atachukua au atazima simu? Mkakati wowote usiojibu maswali haya mawili ni mapambo.

Wanaofanya vizuri nimewaona wana vitu vidogo vinavyofanana. Wana lipa namba, ile ya kupokelea malipo kwa simu, yenye jina la biashara. Watu wamezoea kusoma jina kabla ya kuweka namba ya siri, na hiyo sekunde moja ni tangazo kuliko matangazo yote uliyolipia. Ukurasa ukiitwa kwa jina la duka, na jina linalotokea kwenye malipo ni la mtu asiyejulikana, mteja anarudi nyuma, na hutajua kwa nini. Mzigo wa mkoani wakiupeleka stendi ya Magufuli, Mbezi, wanampigia mteja picha ya risiti ya basi, namba ya gari na namba ya simu ya kondakta, wanamtumia hapo hapo bila kuombwa. Kisha, kwa ruhusa ya mteja na huku jina na namba yake vimefichwa, picha ile wanaiweka stetasi. Mtu wa Mbeya akiona mzigo wa mtu wa Mbeya mwenzake umepanda basi saa kumi na mbili asubuhi, hiyo imemshawishi kuliko maneno "waaminifu na wa uhakika" yaliyoandikwa kwa herufi za dhahabu.

Na mlipokosea, semeni. Niliwahi kutumiwa viatu namba 41 badala ya 43. Muuzaji alinipigia yeye kabla sijafungua boksi, akasema amekuta boksi langu bado liko dukani, akatuma bodaboda kubadilisha kwa gharama yake. Nimempelekea wateja sita au saba tangu siku ile, na hajanilipa hata mia.

Hapo tumefika kwa wateja wa zamani, ambao kwenye mipango mingi ya masoko hawatajwi kabisa. WhatsApp Business ipo tangu 2018 na ni bure: ina katalogi ya kuweka bidhaa na bei, majibu ya haraka ya maswali yanayojirudia, salamu ya kujituma yenyewe ukiwa umelala, na lebo za kutenganisha aliyelipa na anayesubiri. Lakini iko siri moja ambayo wauzaji hugundua wakiwa wamechelewa. Ujumbe wa kutuma kwa mkupuo unaweka watu 256 kwa kila orodha, na unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Stetasi vivyo hivyo, inaonwa na mliohifadhiana namba. Kwa hiyo unaweza kuwa na namba za watu elfu mbili kwenye simu na ukawa unajisemea peke yako. Ndiyo maana mwenye akili, akimkabidhi mteja mfuko, anamwambia: "Ndugu yangu, nisevu hapo kwa jina la duka, mzigo mpya ukifika utauona stetasi." Sentensi hiyo haigharimu kitu na sijui kwa nini haifundishwi kwenye semina za masoko, ambako mtu analipa laki mbili kusikiliza habari za rangi za nembo.

Namba hizo ziandikwe pia mahali pengine nje ya simu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika duniani kote kwa saa sita hivi, na waliokuwa na duka humo tu walifunga duka bila kupenda. Kwetu kuna sababu nyingine za nyumbani. Mtandao wa X ulifungiwa Mei 2025, na siku ya uchaguzi, 29 Oktoba mwaka huo huo, intaneti ilizimwa, ikarudi baada ya siku kadhaa. Muuzaji mwenye daftari la namba alibaki walau na njia ya kumpigia mteja wake simu ya kawaida. Ila uwe na adabu nazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na namba ya mteja ni taarifa binafsi. Umeipewa kwa ajili ya mzigo wake. Ukitaka kumtumia matangazo muombe ruhusa, na usimuuzie mtu orodha, wala usiwatupe wateja wako wote kwenye kundi moja la WhatsApp wakaanza kutongozana.

Nikiulizwa kuhusu mastaa wa kukutangazia, jibu langu ni fupi. Kama kaunta yako haijibu, staa atakuletea watu elfu moja wa kuja kushuhudia. Kama inajibu, huenda humhitaji bado.

Wako watakaosema duka dogo halina uwezo wa kumweka mtu wa zamu ya usiku. Kweli, wengi hawana. Lakini tangazo lina ratiba. Kwenye mfumo kamili wa matangazo, ukiweka bajeti ya muda wote badala ya ya kila siku, unaweza kuchagua saa za kuonekana. Kama unaweza kujibu saa mbili hadi saa nne usiku tu, lipia saa hizo tu. Kama Jumapili uko kanisani na simu umeizima, tangazo nalo lilale. Na ujumbe wa kujituma usiseme "Karibu mpendwa". Useme: tumefunga, tunafungua saa mbili asubuhi, sita kwa sita ni shilingi kadhaa, tano kwa sita ni kadhaa, kupeleka ndani ya Dar ni kadhaa, lipa namba ni hii na jina litakalotokea ni hili. Mteja aliyekwisha kuamua atalipa wewe ukiwa usingizini.

Yule muuzaji wa mashuka bado yupo kwenye simu yangu. Kwa kuwa nilimwandikia, mfumo umeniweka miongoni mwa watu wenye hamu na bidhaa yake, na sasa unanionyesha kitanda kile kila baada ya siku mbili tatu, kwa hela yake. Juzi usiku nikaona nimjaribu. Nikauliza tena: ya kijivu bei gani? Asubuhi nikakuta jibu.

"Karibu mpendwa."